SIKUKUU NJIANI
Hotuba ya katekista mmoja mbele ya Wakristu waliokusanyika kwa Jubilei



Nimeagizwa niseme maneno machache juu ya wasafiri. Walionitangulia wamekwisha kusimulia habari za makanisa yaliyojengwa, na shule, na mapadre wa kwanza. Hayo ni mambo makubwa, wala sina la kuongeza. Mimi nimepewa fungu dogo, yaani habari za watu ambao majina yao hayaonekani katika vitabu vya parokia zetu, maana hupita tu. Hao ni madereva na utingo wao, wachuuzi, vibarua, na wote ambao sikukuu huwakuta mbali na jamaa zao. Ninyi mwajua ya kuwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yapita katika nchi yetu, na mji wa Tunduma ndio mlango wake. Kwa hiyo watu hao si wageni kwetu. Twawaona kila siku, walakini kumwona mtu si kumjua.

Siku za kazi msafiri hana nafasi ya kuhuzunika. Atazama magurudumu, atazama mizigo, ahesabu karatasi zake, na jioni yuachoka akalala. Lakini siku ya Noeli au ya Pasaka asikiapo kengele na kuona watoto wa watu wamevaa nguo mpya, ndipo moyo wake unapomwuliza, Je, na wako wako wapi? Swali hilo ni zito. Wengine hulijibu kwa sala, wengine kwa machozi, na wengine wengi hulijibu kwa chupa. Mimi nimelijibu kwa njia zote tatu, tena katika sikukuu moja. Nitawaeleza habari hiyo, si kwa kujisifu, maana haina sifa.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana wa miaka 22. Nilikuwa nimesoma seminari ndogo miaka miwili, nikarudi nyumbani kwa kukosa karo, kwa sababu baba yetu alikuwa amefariki. Basi nikapata kazi ya utingo katika gari kubwa lililochukua unga wa ngano kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi, na kurudi na shaba. Kwetu ni Ufipa. Nilipoaga mwezi wa Oktoba mama yangu aliniambia, “Mwanangu, Noeli hii usitupungukie. Jogoo ninaye, nimemfunga tangu leo.” Na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la 5, alinipimia mkononi urefu wa gauni alilotaka. Nikaahidi yote mawili, kufika na gauni. Ahadi ya kijana ni nyepesi kutoka kinywani, kwa kuwa hajajua bado uzito wake.

Tulifika Tunduma tarehe 22 Desemba, tukakuta magari yamepangana kandokando ya njia mbali sana, yakingoja kuvuka mpaka. Nanyi mwajua ya kuwa pale Tunduma ndipo njia zinapogawanyika: moja yaenda mbele kuingia Zambia, na moja yageuka kwenda Sumbawanga. Basi nilikaa siku mbili nikiitazama njia ya kwetu kwa macho yangu. Ilikuwa zaidi ya kilometa 200 za udongo, na mvua za Desemba zimeifanya matope. Hata hivyo mabasi yalikuwa yakienda, nami nikiona watu wakipanda na mizigo yao ya sikukuu. Nikamwomba dereva ruhusa. Dereva wangu alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenyeji wa Tanga, mtu wa maneno machache. Akanijibu, “Kijana wangu, ningependa kukupa. Lakini foleni ikisogea usiku nami ni peke yangu, mzigo utaibiwa, na mimi na wewe tutaulipa maisha yetu yote.” Nikajua ya kuwa asema kweli, na kweli yake ikanichoma zaidi kuliko kama angalinionea.

Usiku wa mkesha wa Noeli sikwenda kanisani. Nilikwenda mahali pa pombe. Nilikuwa na fedha za gauni, na za kanga ya mama, na za sukari na chumvi. Nilizikusanya kwa miezi mitatu. Nilijiambia, “Kwa kuwa siendi nyumbani, fedha hizi ni za kazi gani?” Hili, ndugu zangu, ndilo neno ambalo shetani humnong’oneza kila msafiri siku ya sikukuu: kwamba aliye mbali na watu wake hana tena wajibu kwao. Nikanywa, nikawanywesha hata watu nisiowajua, nao wakaniita ndugu mpaka fedha zilipokwisha. Hata asubuhi sikuwa na shilingi moja.

Yule mzee aliniamsha kulipopambazuka. Alikuwa amewasha jiko chini ya gari, amepika wali na nyama ya mbuzi. Hakuniuliza nilikuwa wapi, maana alijua. Alisema tu, “Leo si sikukuu yenu? Maji haya hapa, oga, uvae shati langu hili jeupe, uende kanisani. Mimi nitalinda gari.” Nikaona haya sana. Nilikumbuka ya kuwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule Idi ilimkuta yeye Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, naye hakunung’unika. Alitafuta msikiti, akasali, akarudi kazini. Na siku za Ramadhani alizofungua kwa ajili ya safari alizihesabu kwa alama za chaki ndani ya mlango wa gari, apate kuzilipa baadaye, kama sheria yao inavyompa msafiri ruhusa. Mtu yule hakuwa na sikukuu yangu, lakini alijua kuliko mimi jinsi ya kukaa na sikukuu njiani.

Nikaenda kanisani. Niliungama kabla ya Misa. Baada ya Misa nilisimama mlangoni sijui niende wapi, ndipo bibi mmoja mzee akanishika mkono, akasema, “Mjukuu wangu, wewe si wa hapa. Umekula?” Nikamwambia ya kuwa chakula kipo garini. Akasema, “Chakula cha garini ni cha tumbo. Njoo ule cha sikukuu.” Nikafuatana naye. Nyumbani mwake, katikati ya wajukuu zake, nililia, nikamweleza habari ya gauni. Hakunifariji upesi kama nilivyotazamia. Akaniambia, “Kosa umelifanya, na Mungu amekusamehe. Lakini mama yako na mdogo wako hawajui. Usiongeze uongo juu ya kosa. Waandikie.” Akaleta karatasi, akanisimamia nikaandika kweli yote. Barua ile tukampa kondakta wa basi la Sumbawanga, aifikishe misioni.

Tulivuka mpaka tarehe 28 Desemba. Tukashusha unga Lubumbashi, tukangoja mzigo wa shaba, tukarudi Tunduma siku za mwisho za Januari. Karatasi zikachelewa, dereva akanipa ruhusa ya siku 4. Nilifika nyumbani jioni ya tarehe 1 Februari 2005, nikiwa na kitenge nilichonunua Lubumbashi kwa mshahara mpya. Neno la kwanza nililoliona si mtu, bali jogoo. Alikuwa hai, amefungwa palepale chini ya ghala. Mama yangu hakujua kusoma. Barua yangu ilipofika, aliyemsomea ni yule mdogo wangu. Yeye aliyeibiwa gauni ndiye aliyesoma kwa sauti mbele ya jamaa habari ya wizi huo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama alinisimulia ya kuwa alipomaliza aliikunja barua vizuri, akaiweka sandukuni, akatoka nje.

Basi mama alikwenda kwa padre, akamwuliza, “Padre, Noeli ikipita yaweza kungoja mtu?” Padre akamweleza ya kuwa tangu kale Wakristu wamehesabu siku 40 toka Noeli mpaka sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, tarehe 2 Februari, siku ya kubariki mishumaa, na ya kuwa akichinja jogoo wake siku hiyo, hatakuwa amekosa kitu. Mama akasema, “Basi jogoo na angoje.” Kesho yake tulikwenda Misa, tukapokea mishumaa, tukarudi, jogoo akachinjwa. Hiyo ndiyo Noeli yetu ya mwezi wa Pili. Lakini msidhani kwamba yote yalipoa siku moja. Mdogo wangu alikaa nasi penye chakula asile, na kitenge hakukigusa. Nilipoondoka siku ya tatu ndipo aliponisindikiza mpaka njiani, akaniambia, “Kaka, mwaka ujao usiahidi. Njoo tu.” Neno lile halijaniacha mpaka leo.

Miaka ikapita, nikaacha kazi ya gari, nikasomea ukatekista. Siku moja nikisoma Kitabu cha Hesabu, sura ya 9, nilishtuka, kwa kuwa niliona jambo la mama yangu limeandikwa pale. Twasoma ya kuwa Waisraeli walipokuwa jangwani Sinai, mwaka wa pili wa kutoka Misri, walitokea watu waliozuiwa kufanya Pasaka kwa sababu waligusa maiti. Wakamwendea Musa wakalalamika, Mbona sisi tuzuiwe? Musa akamwuliza Mungu, naye Mungu akatoa amri, si kwa ajili yao tu, bali hata kwa ajili ya mtu aliye katika safari ya mbali: huyo atafanya Pasaka yake katika mwezi wa pili, siku ya 14, jioni. Angalieni, ndugu zangu: waliolalamika ni wenye najisi ya maiti, habari ya msafiri hawakuitaja. Mungu mwenyewe alimkumbuka msafiri asiyekuwapo kujisemea.

Katika amri hiyo naona mambo matatu, nami nataka kuyaeleza moja moja.

La kwanza ni hili. Msafiri alipewa siku nyingine, lakini hakupewa sikukuu nyingine. Pasaka ya mwezi wa pili ilikuwa na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu kama ile ya kwanza. Basi ninyi mnaosafiri, msiseme, “Tuko njiani, hapana sikukuu.” Kuna Misa karibu na kila kituo kikubwa cha barabara hii, ulizeni. Kama gari haliwezi kuachwa, pokezaneni kulilinda, kama yule mzee alivyonilindia. Toeni salamu kwa nyumba zenu siku yenyewe, si baada ya juma moja. Siku hizi simu imo mfukoni mwa kila mtu, na mtoto akisikia sauti ya baba yake asubuhi ya Noeli, atakwenda kanisani amenyoka. Fedha za nyumbani zitangulizeni kabla ya sikukuu, mzitume zingali nzima. Wala msijifanyie nyumba ya pili njiani. Nasema wazi, maana wote twajua. Upweke wa sikukuu ndio mlango ambamo nyumba nyingi za pili zimeingia, na kupitia mlango huo huo maradhi yameingia katika nyumba za kwanza, yakaacha yatima. Nimezika wenzangu wa barabarani. Sisemi habari ya kusikia.

La pili. Amri ile ile yasema ya kuwa mtu asiye na najisi, wala asiye safarini, akiacha kufanya Pasaka kwa wakati wake, atakatiliwa mbali na watu wake. Huruma ni kwa msafiri, haikuwa kwa mvivu. Nalisema hili kwa sababu wapo watu waitwao wasafiri, na safari yao ilikwisha zamani. Mtu amekaa mjini miaka 10, ana kazi, ana nauli, na kila Desemba atuma neno kwamba barabara ni mbovu. Barabara ya Tunduma na Sumbawanga sasa ni ya lami, na basi huenda kwa saa chache. Udhuru wa matope umekwisha. Tazameni ndugu zetu wa Kilimanjaro, jinsi wanavyojaza mabasi kila Desemba kurudi migombani kwao kutoka Dar es Salaam na kila pembe ya nchi. Na mwaka 2019, treni ya abiria ya kwenda Moshi ilipoanzishwa tena baada ya miaka mingi, ilikuwa ni Desemba, wapate kupanda watu wa sikukuu. Wengine huwacheka. Mimi siwacheki. Mama anayengoja hahesabu mali uliyopata. Ahesabu vichwa penye sinia. Wenye hofu ya kurudi mikono mitupu, kwa kuwa wasema mkono mtupu haulambwi, nawajibu kwa neno la mdogo wangu: Usiahidi. Njoo tu.

La tatu. Mwisho wa amri ile Mungu ataja mgeni. Asema mgeni akaaye kati yenu akitaka kufanya Pasaka, ataifanya kwa sheria moja na mwenyeji. Hapo ndipo neno linapotugeukia sisi tukaao kando ya njia. Twasimulia katika Jubilei hii habari za mapadre wa kwanza. Basi tukumbuke ya kuwa nao walikuwa wasafiri. Mapadre Weupe wa msafara wa kwanza walikuwa watu 10. Walifika Bagamoyo mwaka 1878. Mmoja wao, Padre Pascal, alikufa njiani mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Wengine waligawanyika, hawa kwenda Nyanza, hawa kwenda Tanganyika. Na Noeli ya 1878 iliwakuta wote bado safarini, maana wa Tanganyika walifika Ujiji Januari 1879, na wa kwanza wa Nyanza walifika Buganda Februari. Wapagazi wao nao walikuwa mbali na wake zao na watoto wao. Hivyo imani iliyotufikia sisi ilifika kwa miguu ya watu waliokaa na sikukuu njiani.

Na kabla ya hao, mwaka 1498, mabaharia wa Vasco da Gama walitia nanga mbele ya Mombasa siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Mmoja wao aliandika ya kuwa walifurahi sana, kwa sababu walitumaini kushuka kesho yake wapate kusikiliza Misa pamoja na Wakristu walioambiwa kwamba wako mjini. Hawakuipata Misa hiyo. Palizuka hofu na shaka kati yao na wenyeji, na Pasaka ikawakuta mbele ya Malindi. Sisimulii habari hiyo kwa kuwasifu, maana twajua mabaya yaliyofuata merikebu zile. Nasimulia kwa sababu ya tamaa ile moja ya watu waliokuwa miezi tisa safarini: kusali sikukuu pamoja na watu, wawe ni nani. Tamaa hiyo hiyo ndiyo iliyo ndani ya kila gari lililosimama Tunduma.

Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kilizinduliwa, ili gari likaguliwe mara moja tu. Walakini foleni bado huonekana, na sikukuu bado huwakuta watu humo. Kwa hiyo katika kigango changu tulianza desturi ndogo. Kila Noeli na kila Pasaka, nyumba inayoweza huweka sahani moja zaidi, na baada ya Misa vijana wawili husimama mlangoni kuwatazama wale ambao hawajui waende wapi. Hatuulizi dini. Mwaka wa kwanza walikuja watu 3, nasi tuliona haya kwa wingi wa chakula kilichobaki. Sasa sihesabu. Siku za Idi, Waislamu jirani zetu huwafanyia Wakristu waliokwama njiani kama hivyo, nasi hatushindani nao ila kwa wema.

Bibi yule wa Tunduma amekwisha kufariki. Yule mzee wa Tanga nilipata habari zake mara ya mwisho alipostaafu. Mama yangu yu hai, ni mzee sana, na kila mwaka tarehe 2 Februari huchinja jogoo wa pili, ijapokuwa wa kwanza alikwisha kuliwa Noeli. Wajukuu wakimwuliza kwa nini, ajibu, “Huyu ni wa atakayechelewa.” Mdogo wangu ni mwalimu wa shule, na gauni la arusi yake nilinunua mimi, nililileta mkononi mwangu, wala sikuliahidi.

Ndugu wapenzi, Bwana wetu mwenyewe alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa mbali na Nazareti kwa amri ya kuhesabiwa, na waliomwona kwanza walikuwa wachungaji waliokuwa kazini usiku. Noeli ya kwanza haikuwa na mtu aliyekuwa nyumbani kwake. Basi aliye njiani asijione ametupwa, na aliye nyumbani asifunge mlango mapema. Nasi tulio kati ya nyumba na njia, tuweke sahani moja zaidi.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele. Amina.